Kiingereza Hakina -nge-: Sentensi za Masharti Nilivyozielewa Nikiwa Karani wa Samaki Mwanza

Kama ulisoma sekondari Tanzania, bila shaka nawe ulikariri. Aina ya kwanza: "if" na wakati uliopo, halafu "will". Aina ya pili: "if" na wakati uliopita, halafu "would". Aina ya tatu: "if" na "had" na umbo la tatu la kitenzi, halafu "would have" na umbo la tatu tena. Wengine walifundishwa hata aina ya sifuri. Kwetu Ukerewe haikuvuka ziwa. Nilikariri, nikajaza nafasi zilizoachwa wazi, nikapata D ya Kiingereza kidato cha nne, na wala sikununa, maana D si F. Miaka ikapita. Walionirudisha kwenye "if" ni sangara.

Nilianza kazi upande wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha minofu hapa Mwanza. Samaki anashuka, anapimwa, unaandika kilo, unaandika jina la boti, basi. Kiingereza cha pale ni tarakimu tu. Baadaye karani wa ofisi ya usafirishaji akaenda likizo ya uzazi, nikapandishwa ghorofani kumshikia nafasi, naye hakurudi tena. Nikajikuta mbele ya kompyuta nikiandikiana na watu wa namna mbili: wasimamizi wetu wasiojua Kiswahili, na wanunuzi wa nje wanaotaka kujua mzigo wao umefikia wapi. Hao wote swali lao ni moja, itakuwaje kama. Itakuwaje kama ndege imejaa? Itakuwaje kama upepo umezuia boti visiwani? Itakuwaje kama lori la friji limeharibikia njiani, na kutoka hapa hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000? Biashara ya samaki imejaa masharti, kwa sababu barafu inayeyuka na samaki hamngoji mtu.

Nitaanza na kosa ambalo wengi wetu tunalo, kwa sababu limezaliwa na malezi mazuri. Unakumbuka walimu wa Kiswahili walivyotukazia kuhusu -nge- na -ngali-? "Ningejua ningalikuja" ilikuwa sentensi ya kuchekwa darasani. Ukianza na -nge-, malizia na -nge-. Ukianza na -ngali-, malizia na -ngali-. Sisi tuliopenda Kiswahili tuliokota alama hapo bila jasho. Sentensi ya masharti ya Kiswahili ni kama mzega: mzigo wa mbele na wa nyuma sharti ulingane, la sivyo bega linakataa. Sasa mtu mwenye bega lililozoea hivyo mpe Kiingereza. Anataka kusema "Tungekuwa na boti nyingi, tungenunua samaki zaidi." Ataandika "If we would have more boats, we would buy more fish." Imelingana, inapendeza masikioni, na imekosewa. Kiingereza kinataka "would" upande mmoja tu, upande wa matokeo. Upande wa "if" kinaweka wakati uliopita mtupu: "If we had more boats, we would buy more fish."

Nduguye kosa hilo ni "If the truck will arrive tonight". Sisi tunasema "kama gari litafika leo" na ile -ta- haimsumbui mtu. Kiingereza, kwenye sharti la kawaida, hakiweki "will" baada ya "if". Kinasema "If the truck arrives tonight, we will load it", na habari ya wakati ujao inabebwa na upande wa pili peke yake.

Makosa haya mawili nilikaa nayo muda mrefu kwa kuwa hayakumzuia mtu kunielewa. Mnunuzi anasoma, anajibu, kazi inaendelea. Tena ukitazama filamu za Kimarekani utawasikia wenyewe wakisema "If I would have known", nami nilikuwa nikijitetea kwa hilo. Usijitetee kwa hilo. Ni mazungumzo yao ya nyumbani. Kwenye barua ya kazi na kwenye mtihani utahesabiwa kosa.

Kilichonipeleka tuisheni ni sentensi ambayo kisarufi haikuwa na kasoro yoyote.

Ilikuwa zama za kivuko, kabla ya daraja. Magari yetu ya kukusanya samaki upande wa Sengerema yalikuwa yanategemea kivuko cha Kigongo–Busisi, na aliyewahi kukaa foleni pale anajua nisemalo. Asubuhi hiyo msimamizi wa mizani akanipigia simu: "Dada, waambie hao gari liongezewe barafu, likichelewa kivukoni je?" Nikamwandikia mkuu wa barafu, mgeni asiyejua hata "habari": "Please add ice if the truck is late." Akaisoma kama ilivyoandikwa. Gari likichelewa, ongeza barafu. Halijachelewa bado, kwa hiyo hakuna cha kuongeza. Likaondoka na barafu ya kawaida, likaenda kuchelewa ng'ambo ya maji, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuongeza kitu.

Kilichotakiwa ni "Please add ice in case the truck is late." Hapo maana yake ni ongeza sasa hivi, lichelewe lisichelewe, kwa tahadhari. Ukiweka "if", kitendo kinasubiri sharti litimie. Ukiweka "in case", kitendo kinatangulia. Sisi tunalo la kusema hapo, "gari lisije likachelewa", lakini kwenye simu za haraka nani anasema hivyo? Tunasema "likichelewa", na aliye upande wa pili anamalizia mwenyewe kwa kuwa anaijua kazi.

Mzigo ulipofika, watu wa kwoliti wakakataa sehemu kubwa. Kikao kikaitwa, ujumbe wangu ukachapishwa, ukazungushwa mezani kila mtu ausome. Hakuna aliyenikata mshahara, ila posho ya mwezi ule niliisikia kwa wenzangu tu. Nililia chooni huku nimefungua bomba. Kijana mmoja wa upakiaji akaanza kuniita Dada Ifu, na jina likashika hadi kwa walinzi wa getini.

Nikatafuta tuisheni. Niliyoipata ilikuwa mjini, si mbali na Mlango Mmoja, jioni baada ya kazi, shilingi 40,000 kwa mwezi, ukiacha nauli ya daladala na kero ya kufika Igoma usiku watoto wamekwisha lala. Mwalimu alikuwa kijana mwenye bidii, simlaumu. Aliandika ubaoni zile aina zote, na ya sifuri safari hii ikiwemo. Kisha mazoezi: "If it ____ (rain), we will stay at home." Nikajaza "rains". Nikapata vyote. Kesho yake ofisini nikaandika upuuzi uleule.

Ilinichukua muda kuona kwa nini, nami naomba msomaji uokoe pesa zako hapa. Zoezi la kujaza nafasi limeshakuamulia kila kitu. Ukiona "will stay" upande wa pili unajua ni aina ya kwanza, unaweka wakati uliopo, unaondoka na vema yako. Kazini hakuna aliyekuwekea "will". Unayo hali halisi tu, lori, barafu, mnunuzi mwenye wasiwasi, na sharti uamue mwenyewe: hili linawezekana, haliwezekani, au limeshapita? Shida yangu ilikuwa kwenye kuamua. Maumbo nilikuwa nayo tangu kidato cha tatu.

Jirani yangu mmoja akanielekeza kwa mwalimu mstaafu anayekaa Kitangiri. Mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi, kuku wanaingia na kutoka sebuleni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nini?"

Nikafikiri anauliza pesa, nikaanza kufungua pochi. Alikuwa anauliza sentensi. Alitaka zile nilizokwisha kuziandika kazini. Nikamletea imeili zangu zilizochapishwa, akazisoma zote taratibu, hakucheka hata moja, kisha akazigeuza kifudifudi na kusema tuziache kwanza. "Nipe methali yenye -ki-."

"Mwenzako akinyolewa, zako tia maji."

"Kwa Kiingereza utaanza na 'if' au 'when'?"

Nikasema "if", maana -ki- ndiyo "if", nani asiyejua.

"Huna hakika kama mwenzio atanyolewa? Wembe umeshaguswa kichwani, maji yako unayatia kwa sababu unamwona. Hapo ni 'when'. Haya, usipoziba ufa?"

"Utajenga ukuta."

"Huo ufa, utazibwa au hautazibwa?"

"Haijulikani."

"Basi hapo ndipo pa 'if'."

Vipindi vyote vya mwanzo tulicheza mchezo huo, na kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kumpa mwenzangu, ningempa huu. -ki- yetu haisemi kama jambo lina hakika au halina. "Gari likifika nitakupigia" inaweza kuwa gari liko njiani tunaliona, au gari lenyewe hata halijulikani lilipo. Msikilizaji anajua mwenyewe kutokana na mazungumzo. Kiingereza kinakulazimisha utie saini. Ukisema "when", umeahidi kwamba litafika. Ukisema "if", umekiri kwamba huenda lisifike.

Nikarudi kwenye imeili zangu nikaona aibu mpya. Kumbe wale wanunuzi waliokuwa wakinijibu "Is there a problem?" kila mara walikuwa na haki. Nilikuwa nawaandikia "If the cargo arrives, we will inform you." Mzigo umeshapakiwa, uko barabarani, namba za lori ninazo, nami namwambia mtu aliyelipia kwamba ukibahatika kufika tutamjulisha! Nilipoanza kuandika "When the cargo arrives", maswali yakapungua. Kinyume chake nacho kina sumu. "When you cancel the order, you will pay for the ice" inasomeka kana kwamba umeshaamini atavunja oda. Hapo weka "if", umpe heshima yake.

Kuna mahali ambapo uchaguzi huo hauumizi, nako ni kwenye mambo ya siku zote. Mwezi ukiwaka, wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa sababu taa zao haziwavuti dagaa kwenye mbalamwezi. "If the moon is bright" na "When the moon is bright" zote zinakaa, na pande zote mbili zinabaki wakati uliopo: "the fishermen rest". Hiyo ndiyo aina ya sifuri iliyoshindwa kuvuka ziwa. Ofisini ndiyo lugha ya kanuni. Sangara aliye chini ya sentimita 50 sheria hairuhusu kumchukua, kwa hiyo "If a fish is under 50 centimetres, we reject it." Usiweke "will" kama unasema kanuni, unless unamwahidi mtu fulani siku fulani. Samahani, nimeanza kuchanganya. Ndivyo ofisi inavyoharibu watu. Na hiyo "unless" nayo ina mtego. Imebeba ukanushi tumboni, kama -sipo- yetu. "Gari lisipofika" ni "Unless the truck arrives". Ukiandika "Unless the truck doesn't arrive" umekanusha mara mbili na umemwambia mtu kinyume. Nyongeza ndogo: kwenye sentensi hizi za mwisho wa muda, kumbuka saa. Gari lisipofika saa 12 jioni, kwa wenzetu ni "six". Sarufi inaweza kuwa safi kabisa na bado ukamkosesha mtu ndege.

Tukafika kwenye -nge-, nilikokuwa nikikuogopa.

Mwalimu alianza kwa kunihurumishia Waingereza. "Kiingereza hakina -nge-, mwanangu. Kingekuwa nayo kisingesumbuka. Sisi tuna kiungo maalumu cha mambo yasiyo kweli. Wao hawana, wakaazima wakati uliopita." Akaandika "If I had money now" na kunionyesha "had" na "now" zimekaa sentensi moja. Ile "had" haisemi jana. Inasema tu kwamba jambo liko mbali na ukweli: pesa sina. Kiingereza kinaposema kitu kisicho kweli kinarudi hatua moja nyuma kwenye wakati, ili msikilizaji aone umesogea kando.

Sasa, je, kama jambo lenyewe lisilo kweli ni la jana? Wakati uliopita umeshatumika kwa mambo ya leo. Basi kinarudi hatua ya pili: "had" na umbo la tatu. "If I had had money yesterday, I would have bought it." Siku hiyo ndipo aina zangu za kukariri zilipokufa. Nilikuwa nabeba kanuni tatu kichwani kumbe kazi ni moja: jambo linawezekana, simama ulipo, si kweli leo, rudi hatua moja, si kweli jana, rudi mbili. Na "would" ikae upande wa matokeo, isivuke.

Kwa Kiswahili cha vitabu hiyo hatua ya pili tunayo, ni -ngali-. Lakini sema ukweli, mtaani nani anaitumia? Tunasema "Ungeniambia jana ningekuja", na neno "jana" linafanya kazi yote. Kiingereza hakikubali "yesterday" ikufanyie kazi. "If you told me yesterday, I would come" haisimami. Sharti kitenzi chenyewe kirudi: "If you had told me yesterday, I would have come." Nilichofanya ni kujilazimisha kuandika kwanza Kiswahili cha -ngali- kwenye daftari, hata kama kinasikika cha kizee. Nikiona -ngali-, nilijua hapa ni "had". Wiki za mwanzo daftari langu lilisomeka kama wosia wa sultani.

Mifano tuliichimba kwenye kazi yangu. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na likawa ghafla mashine ya kuzalisha sentensi. "If the bridge had been open, the truck would not have waited." Hiyo ni jana kwa jana. Halafu akanitegea: "Na kama wasingelijenga, leo tungekuwa wapi?" Nikasema "If they had not built the bridge, we would have..." nikakwama. Foleni ni ya leo, haijapita. Ni "we would still be in the queue". Upande wa "if" hatua mbili, upande wa matokeo hatua moja, kwa sababu chanzo ni cha zamani na tokeo ni la sasa. Vitabu huuita mchanganyiko na kuuweka mwishoni kabisa, kana kwamba ni pambo. Mbona sisi tunausema kila siku? Nisingezaliwa Ukerewe, nisingejua kuogelea. "If I had not been born in Ukerewe, I would not know how to swim."

Kuhusu "If I were you", usihangaike kutafuta mantiki. Ni mabaki ya umbo la zamani la Kiingereza. Utasikia watu wakisema "was" wakizungumza; wewe ukiandika, weka "were".

Kisha nikajiona fundi, na hapo ndipo ujuzi mpya ulipomkera mtu. Kuna mnunuzi nilitaka kumshawishi alipe mapema nasi tumpunguzie bei. Nikamwandikia kwa madaha: "If you paid on time, we would give you a better price." Sarufi safi. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "We have always paid on time." Nikampelekea Mwalimu, akavua miwani akacheka kwa mara ya kwanza. "Umemwambia kwa adabu kubwa kwamba ni mdaiwa sugu." Kurudi hatua nyuma kulimaanisha siamini kama hulipa kwa wakati. Nilitakiwa kubaki pale pale: "If you pay on time, we will give you a better price."

Na bado hatua hiyohiyo, ukiitumia kwenye ombi, inakuwa heshima. "It would help us if you sent the documents today" ni laini kuliko "Send the documents today", na hakuna anayehisi ametiliwa shaka. Hili Mswahili halimpi tabu, maana nasi tukiingia ofisi ya mtu tunasema "ningeomba" na "ningependa" hata kama ombi ni la kweli kabisa na tumekuja kwa ajili yake. Tunajisogeza kando kidogo ili mwenzetu apumue. Kwa hiyo kabla ya kurudi nyuma jiulize unaongelea tabia ya mtu au unamwomba kitu.

Gharama? Mwalimu alitoza shilingi 5,000 kwa kikao, pamoja na sato mmoja kila nilipopitia soko la samaki la Mwaloni. Kubwa zaidi lilikuwa muda wa nyumbani, na maneno ya watu. Ukiwa mtu mzima unajifunza "if", kuna watakaokuita mzungu na kuna watakaokuuliza kwani miaka yote hiyo ulikuwa unaandika nini. Mume wangu alinisaidia kwa namna yake: kila akitaka kitu alikiomba kwa aina ya pili.

Mengine nayasema kwa haraka. Kifupisho cha 'd kinaweza kuwa "had" au "would". Tazama kitenzi kinachofuata. "I'd known" ni "had", "I'd know" ni "would", na "I'd have known" ni "would". Usiandike "would of" hata ukiiona imeandikwa na wenye lugha. Wanaandika kile masikio yanachosikia kwenye "would've". Ukikuta "If you will kindly wait" kwenye barua ya mtu, usikimbie kwa mwalimu kushangilia kwamba umemkamata Mwingereza, kama nilivyofanya. Hapo "will" ni ya kukubali, kama kusema ukiridhia, si ya wakati ujao. Na kwenye mikataba utakutana na "Had the seller been informed" na "Should the buyer require", ambako "if" imeondolewa na kitenzi kikatangulia. Mwalimu alisema hizo nizitambue tu nikizisoma, nisijaribu kuziandika, nami nimemtii. Programu za kutafsiri kwenye simu zinasaidia maneno, lakini hukuchagulia "if" au "when" zenyewe, na hazina habari gari letu limefika Usagara au bado limelala Sengerema.

Lisilonikalia mpaka leo ni kuongea. Kwenye simu hakuna daftari, mtu anasubiri, na hatua mbili nyuma ni safari ndefu. Nikishaona ulimi unajifunga navunja sentensi vipande viwili: "Maybe the truck will be late. Then we send another one." Haina "if", haina "would", na mtu wa upande wa pili anaelewa na kuandika namba ya lori la pili.